Ufunguo wa Simu Haulindi Kompyuta

Chang'ombe,
Dodoma.
24 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Adija,

Asalaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kile kifua ulichokuwa ukikilalamikia kimeshapona. Sisi huku hatujambo, ila baridi ya mwezi huu imetukamata kweli. Shemeji yako Anuari anakwenda msikitini alfajiri kajitanda blanketi, na watoto wa jirani wakimwona wanamcheka. Vumbi ndiyo usiseme.

Mama yako, mama mdogo wangu kipenzi, yuko Kondoa, mzima wa afya. Ameshavuna ulezi na anauliza unakuja lini kuula. Anasema umekonda kwenye picha uliyomtumia. Mimi nimemwambia ni kamera tu, kwa hiyo fanya hima unenepe usije ukaniumbua.

Abubakari uliyemtuma alifika salama huku Dodoma harusini, na barua yako akanikabidhi mkononi. Nilishangaa kidogo: Adija huyu wa ujumbe wa sauti usiokwisha, leo kashika kalamu! Nilipoisoma nikaelewa. Ulifanya vizuri sana kutoyaweka mambo yale kwenye simu, nami najibu kwa njia ileile. Abubakari anarudi huko Mpanda kesho, na atakuletea hii.

Habari za yule mama unayemsaidia hapo kwenye shirika lenu la msaada wa sheria zimeniuma. Amekimbia kipigo cha mumewe, na sasa anangoja umwombee nafasi katika nyumba ya hifadhi. Halafu kumbe huyo mume ni mdogo wake mwenye nyumba wako! Na intaneti unayofanyia kazi ukiwa chumbani ni ya huyohuyo mwenye nyumba. Moyo ulinilipuka. Umesema bado hujafungua tovuti ya hiyo hifadhi, na hapo ndipo nilipopumua. Usiifungue kwanza.

Najua utaniambia ofisini kwenu intaneti inakatika kila saa, na hapo chumbani mtandao wa simu haushiki. Sawa. Basi tuitengeneze hiyohiyo uliyonayo, maana kutunza mitandao ya kompyuta ndiyo kazi inayonilisha.

Umeandika kwamba huna wasiwasi kwa sababu shirika limekupa VPN, ile programu ya kuficha unachofungua mtandaoni, tena limeitolea taarifa kwa mamlaka ya mawasiliano kama sheria inavyotaka, na alama ya ufunguo unaiona juu kabisa ya kioo cha simu. Mwenye nyumba anaruhusu kifaa kimoja kwa kila mpangaji, kwa hiyo unaiunga simu kwenye waifai yake, unawasha VPN, kisha unairushia kompyuta intaneti kwa waya wa kuchajia. Mdogo wangu, hapo umeingia mkenge.

Sikutaka kukujibu kwa kubahatisha. Nilichukua simu ya Anuari nikafanya vilevile ufanyavyo, halafu nikafungua tovuti inayomwonyesha mtu anwani yake ya IP, yaani namba inayomtambulisha mtandaoni, na nchi anayoonekana yuko. Simu ikasema niko Uholanzi. Kompyuta iliyochomekwa kwenye simu hiyohiyo ikasema niko Tanzania, na ikalitaja hata jina la kampuni tunayoilipia intaneti.

Anuari akachungulia. "Eti nini? Simu imeshapanda ndege, kompyuta bado iko Chang'ombe?"

Nilicheka, lakini ndivyo ilivyo hasa. Kwa simu nyingi, VPN inalinda mambo ya simu yenyewe tu. Kile unachokirusha kwenye kompyuta kinapita pembeni, moja kwa moja hadi kwenye ruta ya mwenye nyumba, kile kisanduku chake cha kugawa waifai. Hawezi kusoma unachoandika ndani ya tovuti, lakini majina ya tovuti unazofungua anaweza kuyaona akitaka. Na jina la hifadhi hiyo peke yake linatosha kumwambia mdogo wake aende kumsubiri mkewe wapi.

Dawa ipo, wala haikushindi. Liombe shirika likuwekee VPN kwenye kompyuta yenyewe. Kabla hujaiwasha, fungua ile tovuti ya anwani uone inakwambia nini. Iwashe, upakie ukurasa upya. Namba na nchi lazima vibadilike. Visipobadilika ujue hakuna ulinzi, hata kama programu inakuchekea kwa rangi ya kijani.

Usiishie hapo, maana nakujua ulivyo na haraka. Kompyuta kila inapofungua tovuti huuliza kwanza tovuti hiyo iko wapi, na zipo kurasa za kupima ni nani anayeyajibu maswali hayo. Ukiona ni kampuni ya intaneti ya mwenye nyumba, basi majina bado yanavuja. Kwangu yalivuja mara ya kwanza, nikaudhika kwelikweli! Niliingia kwenye mipangilio ya VPN, nikaiamuru iyajibu maswali hayo yenyewe, na majina yakakoma kuvuja.

Jaribio la mwisho ndilo ninalolipenda. Washa kile kipengele cha kukata intaneti VPN ikidondoka, kisha uifunge ghafla programu ya VPN na ujaribu kufungua tovuti yoyote ya kawaida, hata ya mapishi. Ikikataa kufunguka, furahi. Hiyo ndiyo itakayokuokoa siku umeme ukikatika na kurudi wakati uko katikati ya kazi.

Nimejaribu yote haya kwa simu, waya na kompyuta kama vyako, na yamekubali. Sina shaka hata kidogo kwamba utaweza. Wewe si ndiye uliyeifufua redio ya babu kwa pini ya nywele?

Mwenye nyumba endelea kumsalimia kama siku zote. Hajakukosea lolote, na huenda hajui kitu. Ila usimwonyeshe uso mwingine, kwa sababu uso wako haujui kuficha, tangu utotoni.

Ukishamaliza na kila jaribio likakubali, nitumie ujumbe kwenye simu uniulize kama mama mdogo ameshasaga ulezi. Nitaelewa, na nitalala usingizi.

Anuari anakusalimu sana. Mama yako anakusalimu na kukuombea, na bibi Mwanahawa anasema usisahau kula. Nisalimie Shamila unayekaa naye chumba kimoja, lakini haya mengine yabaki kwetu. Mwenyezi Mungu akulinde huko ugenini, na amsitiri yule mama aliyekupa jina lake bila kukuuliza chochote.

Adija, usifanye haraka. Maadamu kompyuta yako inaonyesha bado uko kwenye intaneti ya mwenye nyumba, yule mama naye bado yuko mikononi mwa mumewe.

Ni mimi dada yako, niliyekupenda tangu nikikubeba mgongoni,

Mwanaidi