Sauti ya Nusu

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Naiona sura yako ukiitikia huku pini zimekujaa mdomoni, kwa hiyo zitoe kwanza, uisome barua hii ukiwa umekaa. Vipi goti? Bado linakugombeza ukikanyaga cherehani kutwa nzima? Na yule mteja wako anayenenepa kila baada ya kupimwa, ameshachukua gauni lake, au bado anadai wewe ndiye uliyelipunguza? Mimi mwili ni mzima, ila koo linaniwasha kidogo, na sababu yake utaipata humu humu. Nimekukumbuka sana. Nimekumbuka hata kufokewa nawe. Huku nikiacha sufuria bila kuiosha hakuna anayesema neno, na kimya hicho, dada, kinachosha kuliko makelele yako yote.

Najua barua yangu iliyopita imekunyima raha. Nilikuomba uondoe majora ya vitambaa kwenye kile kitanda cha chumba cha nyuma, nikaishia hapo bila maelezo, nawe si mtu wa kuachwa njia panda. Leo nitakueleza yote. Tafadhali usiruke kwenda mwisho kama unavyofanya na hadithi za magazetini.

Kazi yangu unaijua kwa juujuu tu. Ukiulizwa unasema mdogo wako anaongea kwenye televisheni, na watu wanadhani nasoma habari. Ukweli ni kwamba mimi ni kiumbe cha katuni. Katika kipindi chetu, kila mtoto wa jengo moja la ghorofa ana rafiki wa kufikirika. Marafiki hao wanaishi chini ya ngazi, wanajitolea kuwasaidia watoto waliowafikiria, na kila msaada unazua balaa. Mimi ni Nusu. Mtoto aliyemfikiria aliitwa kuoga kabla hajammaliza, basi akabaki na mguu mmoja, mkono mmoja, sikio moja, na maneno ya watu watatu. Mwenzake ni Kishindo, dude kubwa kama kabati, lakini linaogopa sisimizi. Majuzi tumerekodi kisa cha jino. Jino la mtoto linalegea, Nusu akashauri lifungwe uzi kwenye kitasa, Kishindo akavuta. Jino likabaki palepale. Uliong'oka ni mlango, ukaondoka na fremu yake na kipande cha ukuta, na jirani wa upande wa pili akaonekana yuko ndani ya beseni akijisugua kisigino. Nilicheka mpaka fundi mitambo akanitoa nje nikapoe.

Chumba chenyewe cha kurekodia kimevikwa sponji kuta zote, utadhani umeingia ndani ya godoro. Nasimama pekupeku kwa sababu viatu vyangu vinalia, na siku za kazi sishibi sana, maana maiki inasikia tumbo kabla ya mdomo. Sauti ya Nusu inatokea puani na kooni kwa pamoja, kama bawaba isiyotiwa mafuta. Ndiyo hiyo inayonikwaruza koo.

Sasa tuje nyumbani. Unajua niliolewa na mtu aliyefiwa na mke, na kwamba ana binti. Baba yake anamwita Chiriku, kwa sababu zamani, ananiambia, mdomo wake ulikuwa haufungi hata usingizini. Mimi huyo Chiriku sijamjua. Niliyemkuta alikuwa anaishi nami kama mgeni wa hotelini: asante, samahani, tafadhali. Hakuwahi kunitusi wala kunisengenya. Afadhali angenitusi, ningejua pa kushika. Nikimtengenezea chakula anakula, nikimfulia anavaa, nikinyoosha mkono nimchane nywele anasogea pembeni taratibu, kama mtu anayempisha mwingine kwenye korido.

Lakini jioni kipindi kikianza, dada, mtoto huyo anacheka! Anacheka mpaka anateleza kwenye kochi. Mimi nasimama mlangoni mwa jikoni, mikono inadondosha maji, nasikiliza mtoto akiipenda sauti yangu, naye hajui kuwa ni yangu. Bwana wangu alitaka kumwambia tangu mwanzo. Nilimkatalia. Nilitaka anipende mimi, mwenye miguu miwili. Umewahi kusikia mtu anamwonea wivu mtu ambaye ni yeye mwenyewe? Mimi nimefikia hapo. Kuna siku Nusu alimwambia Kishindo asilie, na Chiriku akaigusa televisheni kwa kiganja. Nikarudi jikoni kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Kilichonivunja kabisa ni jambo dogo. Bwana wangu ni mpima ardhi, na wiki ile alikuwa safarini. Jirani akabisha hodi, akauliza kama kuna mtu nyumbani. Nilikuwa jikoni, nakata vitunguu. Chiriku akamjibu kwa adabu zake zote, "Hakuna mtu." Ndipo nilipokuandikia habari ya kitanda. Nikafunga sanduku, nikalificha nyuma ya mlango wa chumbani. Niliwaza harufu ya nyumba yako, vitambaa vipya na mafuta ya cherehani, nikatamani niwe tena mtu anayeambiwa aende akalale.

Bwana wangu alirudi Ijumaa, na kesho yake akaenda ofisini kukabidhi kazi. Mchana huo Chiriku aliingia bafuni kuosha nywele zake peke yake, kama kawaida. Komeo likakwama. Kwanza nilisikia likigongwagongwa, halafu ukelele. Nikakimbia, nikamwambia atulie, niko hapa. Akazidi kulia, anamwita baba yake. Kila nikisema neno, analia zaidi. Mwisho nikapiga magoti, shavu kwenye sakafu, mdomo kwenye upenyo wa chini ya mlango, na ile sauti ikatoka yenyewe.

"Haloo humo ndani! Mimi Nusu. Nimekuja kwa mguu mmoja, ndiyo maana nimechelewa mara mbili."

Nikasikia kitu kama kwikwi, kisha, "Nusu? Umefikaje?"

Nikamwambia nimepita kwenye bomba, nikakwama kwenye kona, nikasukumwa na maji ya mtu aliyekuwa anasukutua. Akacheka. Nikamwelekeza aingize mpini wa chanuo chini ya komeo, aupandishe polepole. Alianza, halafu akaacha. Akasogea karibu na mlango, akaniuliza kwa kunong'ona, "Nusu, yule mama ameshaondoka? Nimeona sanduku."

Nusu, mwenye maneno ya watu watatu, akageuza sikio lake moja kwenye upenyo.

"Usimwambie," akaendelea. "Mimi simsemeshi makusudi. Mama yangu nilimsemesha kila siku, na akaenda. Huyu nikimzoea, na yeye ataenda."

Akaupandisha tena mpini, komeo likafyatuka, mlango ukafunguka, akanikuta nimelala kifudifudi kwenye korido, mdomo bado umepinda upande wa Nusu. Aliniangalia. Akachungulia nyuma yangu, akaangalia chini ya meza, akaniangalia tena. Nikaona uso wake ukibadilika taratibu, mpaka akaelewa. Akaubamiza mlango kwa nguvu zake zote, akaweka komeo. Na komeo, dada, likakwama tena.

Usicheke. Au cheka, mimi mwenyewe leo nacheka. Lakini saa ile sikucheka. Nikarudi sakafuni, nikaanza tena kwa sauti ya Nusu. Akapiga mlango teke.

"Nusu anyamaze! Sema wewe!"

Kule kazini kila neno ninalosema mtu ameniandikia. Pale sikuwa na karatasi. Nikamweleza habari zako. Nilimweleza kuwa mama yetu alipofariki mimi nilikuwa mdogo kuliko yeye, na wewe ndiye uliyebaki kunilea, nawe mwenyewe hujamaliza kukua. Kwamba kila ulipotaka kunisuka nilikimbia, kwa sababu vidole vyako havikuwa vya mama, na siku moja nikakung'ata mkono, ukafunga kitambaa kwenye kidonda, ukarudi na chanuo lile lile. Akaniuliza kama uliondoka. Nikasema hukuondoka, mimi ndiye niliyeondoka nikaja huku, na kwamba nimekukumbuka mpaka kifua kinaniuma. Nikaanza kulia. Yeye kule ndani akakwaruza komeo na chanuo lake, anavuta makamasi, mpaka likaachia.

Alitoka na povu limemkaukia kichwani. Akanipa chanuo, akakaa sakafuni mbele yangu, akanipa mgongo. Sijawahi kufurahi hivyo kupewa mgongo na mtu. Nilimchana taratibu, kuanzia kwenye ncha, kama ulivyonichana wewe.

Kwa hiyo dada, hapa ndipo ninapopata kigugumizi. Siji. Sanduku nimelifungua, nguo zimerudi kabatini. Majora yako yarudishe kitandani, na kama ulikwisha kutandika shuka, nisamehe. Najua ulifurahi, hata kama uliandika kuwa umeudhika. Wakati natoa nguo nililia kuliko nilipozipanga, kwa sababu nilijua kwamba chumba kile sitakirudia tena kama mtoto wa nyumba hiyo. Nitakuja kama mgeni, utanitengea taulo safi, nami nitakuomba ruhusa ya kufungua kabati. Hilo sijalizoea. Sijui kama wewe utalizoea.

Usidhani huku mambo yamenyooka. Akinikasirikia ananiita Nusu. Akiwa radhi nami hana jina la kuniita, ananivuta tu nguo. Neno "mama" hajalisema, nami simshurutishi. Juzi alininyamazia siku nzima kwa sababu kwenye kipindi Kishindo alipotea ndani ya lifti, na mimi, eti, sikumtafuta vya kutosha. Bwana wangu anasema ndivyo alivyokuwa zamani, anagombana na kila kitu. Anafurahi mpaka anakosa pa kuweka mikono.

Nisalimie wasichana wote wanaojifunza kushona hapo kwako, na jirani yako mwenye redio kubwa, mwambie hata redio yake nimeikumbuka. Lile goti lipumzishe. Na kama lishapata nafuu, panda basi uje.

Chiriku amesimama nyuma ya bega langu tangu nianze ukurasa huu. Ananilazimisha niandike neno lake kama lilivyo: "Mama mkubwa, njoo. Mlango wa bafuni umetengenezwa."

Nimemuuliza nani kamfundisha kukuita hivyo. Amenishangaa kama mtu aliyeulizwa maji yana rangi gani. "Sasa nimwite nani? Si ni dada yako?"

Naishia hapa, dada. Naona maandishi vibaya.

Mdogo wako akupendaye