Nyumba ya Kakuma Ambamo Hatutaishi

Lodwar,
Mwisho wa Januari, 2013

Mama Njoki wangu,

Mmeamkaje huko Njoro? Goti la mama linamruhusu kushuka bondeni, au bado analalamika kila baridi ikiingia? Kifua cha Kamau kimefunguka? Na Njoki, yale meno ya mbele yameota au bado anacheka na pengo? Mimi ni mzima, Mungu asifiwe, ila jua la huku limenikausha hata ukinikuta stendi waweza kunipita. Tulia pia ni mzima, masikio mpaka kwato. Amekonda, lakini nani hajakonda huku.

Najua utashangaa kuona barua badala ya simu. Kwenye simu wewe huniweka spika ili mama naye asikie, na haya si ya masikio ya mama mkwe. Mwalimu mmoja anasafiri kesho, ameniahidi kuifikisha Nakuru kwa mkono wake. Isome ukiwa peke yako, watoto wakiwa shule.

Nilipoondoka uliniambia, "Baba Njoki, tafuta nyumba kabla ya kura. Sitaki kusikia matokeo nikiwa hapa." Sijasahau hata siku moja. Tangu nyumba yetu ichomwe kura iliyopita, nakuona unavyokunja nguo za watoto na kuziweka kwenye ule mfuko kando ya mlango, miaka mitano sasa, na hakuna anayethubutu kuugusa. Kwa hiyo sikuja huku kutalii. Nimekuja kutafuta mahali ambapo utaweza kuufungua ule mfuko na kutundika nguo.

Kazi yenyewe nilikwisha kukueleza: mradi wa chanjo ya mifugo ulitaka mtu wa farasi afike kwenye maboma ambako gari haliwezi kufika. Watu huku wana ngamia na punda, lakini farasi ni kituko. Pale Kainuk, kwenye kizuizi cha polisi, Tulia alitoa kichwa nje ya lori akalia, askari akaruka hatua mbili nyuma na bunduki yake. Halafu akaniuliza kwa ukali kama nina kibali cha simba! Nilicheka mpaka dereva akanikanyaga mguu.

Basi, mkubwa wa mradi akaniambia nichague mwenyewe pa kuishi. Nikikaa Lodwar, nitahudumia upande wa mto Turkwel mpaka Kerio kule ziwani, na maboma ni mbali mbali. Nikikaa Kakuma, maboma yako karibu, nitakuwa narudi kula nyumbani kila siku. Unanijua mimi na chakula cha nyumbani. Nikachagua Kakuma.

Na nikapata nyumba, Mama Njoki. Haki ya Mungu, nyumba nzuri. Vyumba vitatu vya mawe, bati jipya, boma la miiba pande zote, mti mkubwa wa kivuli kwa ajili ya Tulia. Mwenye nyumba ni mjane Mturkana, Mama Lokwang, mwenye shanga kutoka mabega mpaka kidevu. Kila asubuhi ananisalimu, "Ejok!" kisha anaangalia nyasi nilizonunua na kutikisa kichwa. "Hii punda yako inakula kama serikali," anasema. Shule iko karibu, kanisa liko karibu. Nikakupigia siku ile ile nikakuambia, anza kufunga mizigo. Ulilia kwenye simu, na mama akauliza kuna nini.

Sasa nikueleze kilichotokea.

Nyumba iko mwisho wa mji, kwenye ukingo wa laga, ule mto wa mchanga unaopita maji siku mbili kwa mwaka. Ng'ambo ya laga ni kambi ya wakimbizi. Joto la huku likishapanda huwezi kumkimbiza farasi, kwa hiyo nilikuwa nampanda alfajiri, mara tu kunapopambazuka, tunapita kwenye changarawe kando ya kambi mpaka kwenye uwanda. Nilimpigilia viatu vya chuma kabla ya kutoka Njoro kwa sababu ya mawe. Unaijua sauti yake akikanyaga pagumu.

Siku ya kwanza nilikuta bomba la maji la kambini likimwaga na hakuna mtu. Mitungi ya plastiki imepangwa foleni, labda arobaini, mingine imejaa inafurika. Ndala moja huku, nyingine kule. Karibu na bomba kuna kibanda cha chai, moto unawaka, maziwa yamechemka yanamwagika kwenye makaa, mwenyewe hayupo. Ala! Nikashuka, nikafunga bomba, nikateremsha sufuria, nikaenda zangu. Nilijiona mtu mwema sana.

Siku ya pili vile vile. Ya tatu vile vile. Mama Njoki, nikaanza kuogopa. Mahali pana moshi, pana maji, pana alama za miguu mbichi mchangani, na kimya. Hata kuku hawakulia. Tulia mwenyewe alikuwa anasimamisha masikio akipafikia. Nilijiambia labda wanaogopa atang'ata mtu. Nikarudi kutoka uwandani jua likiwa limepanda, nikiwa natembea kwa miguu nimemshika hatamu, na foleni ikawa imejaa watu, wanagombana kama foleni yoyote. Walinyamaza nilipopita. Kumbe maji yale hufunguliwa saa chache tu asubuhi, na mimi nilikuwa nimewapotezea nusu yake kila siku.

Wiki ya pili nikamkuta bibi mmoja mzee, Msudani wa kusini, mrefu, mwenye mistari ya zamani kwenye paji la uso. Alikuwa amelala kifudifudi kwenye shimo la laga, mikono juu ya kichwa, hapumui. Nilidhani amekufa. Nikaruka chini, nikamgusa bega. Lilikuwa linatetemeka lote. Hakuinua uso. Akasema mchangani, polepole, "Silu, silu kulu." Alirudia hivyo hivyo mpaka nikashindwa kusimama pale.

Nikaenda kumwuliza yule mama wa kibanda cha chai, Mama Achol. Ni mkwe wa bibi yule, mwanamke wa kanisa, ana rozari shingoni na ulimi mkali. Nilimkuta anasugua sufuria. Hakunikaribisha kiti.

"Wewe ndiye mtu ya farasi," akasema.

"Ndiye mimi. Yule bibi ana shida gani?"

"Hana shida. Anasema chukua, chukua yote. Kule kwetu walikuja asubuhi kama hii, na farasi, mia, sijui mia ngapi. Walichoma. Walichukua ng'ombe, walichukua watoto wake wawili. Yeye alilala chini kwa majani, farasi ikaruka juu yake."

Nikamwambia mimi ni mtu wa chanjo tu, ni Mkristo kama yeye, na farasi wangu ni jike mpole. Akaniangalia kwa huruma kidogo, kama mtu anayemfundisha mtoto.

"Wewe mtu mzuri, najua. Ulitoa sufuria yangu kwa moto, ulifunga maji. Lakini ukisikia ile mguu, sikio inafunga. Hata Mungu akiita jina yako, husikii. Unasikia mguu tu."

Ningehama siku ile. Lakini nyumba ile, Mama Njoki! Na wewe umeshaanza kufunga mizigo. Nikajiona mjanja. Nikasema, kama shida ni sauti, nitaiondoa sauti. Nikang'oa viatu vya chuma, nikampeleka Tulia kwa fundi wa akala sokoni, yule anayeshona ndala za tairi. Alicheka, soko zima likaja kucheka, lakini alimpima kwato akamshonea viatu vinne vya tairi vyenye kamba. Tulia akatembea kwa maringo kama bibi harusi. Nilipompitisha kwenye mawe, hapakusikika kitu. Nililala nimefurahi.

Hivi kweli mtu aliyekulia zizini anaweza kuwa mjinga kiasi hicho? Asubuhi iliyofuata nikapita kambini, na kwa mara ya kwanza watu walikuwepo. Foleni ipo, wanawake wanapiga soga, Mama Achol ameinama anamimina chai kwenye chupa. Hakuna aliyetusikia. Tulia akanyoosha shingo akampumulia mgongoni.

Aligeuka akamwona farasi na mtu juu yake. Sijawahi kusikia mwanamke akilia vile, na naomba nisisikie tena. Chai yote ilimwagika mkononi mwake, kutoka kiwiko mpaka vidole. Wanawake wakatawanyika, mmoja akakimbia akaacha mtoto wake mchanga chini kando ya mtungi, kisha akarudi akitambaa, akitambaa kabisa, akamvuta kwa mguu. Mimi niko juu ya tandiko, naona kila kitu, na nikishuka ni vibaya, nisiposhuka ni vibaya. Nilikuwa nimewaibia hata ile nafasi ya kukimbia.

Wanasema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Asubuhi ile, mimi sikuwa unyasi.

Mkono wake ulifungwa bendeji hospitali ya kambini, unapona, hilo usiwe na hofu. Nilimpelekea asali na maziwa, akapokea. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Yule mama aliyetambaa kumfuata mtoto wake, nilimwona uso. Nikakuona wewe.

Asubuhi ile ya kuchomewa, nilikuwa zizini nawatoa farasi wa mwajiri. Hilo tuligombana, na tukalimaliza. Ambalo hatujawahi kuligusa ni hili. Nilirudi nimempanda Tulia, nikakuta moshi, nikawatafuta kwenye mahindi makavu nyuma ya nyumba. Nilipita mara tatu, mstari kwa mstari, nikiita jina lako kwa sauti yote niliyokuwa nayo. Nikawapata mchana, kanisani, Njoki mgongoni, udongo usoni. Ukaniambia, "Tulilala kwenye mahindi. Farasi alipita karibu sana, nikamziba Njoki mdomo mpaka akawa bluu." Sikukuambia kwamba farasi yule alikuwa mimi. Na wewe hukuuliza.

Miaka mitano, Mama Njoki, nimekukasirikia kimya kimya. Nilisema moyoni, aliisikia sauti yangu, akajificha. Mke wangu alinisikia nikimwita akaamua kubaki chini. Nilikuwa nakuona unakunja zile nguo na ninakuonea uchungu, lakini kuna pembe moja ndani yangu iliyokuwa inakulaumu. Na wewe hujawahi kukanyaga zizini tangu siku ile, na mimi mpumbavu nikadhani ni harufu ya samadi.

Nisamehe. Kumbe ulikuwa umelala pale unasikia kwato, na mimi niko juu naita, na sauti yangu haikufika. Au ilifika? Sijui. Nauliza kwa sababu nataka kujua, si kwa kukushtaki. Ulisikia jina lako, au ulisikia mguu tu?

Nyumba ya Kakuma nimeirudisha. Mama Lokwang alisikitika, akasema hajawahi kupata mpangaji asiyelewa. Niliondoka saa sita mchana, bomba likiwa limefungwa, natembea kwa miguu na Tulia nyuma yangu bila tandiko. Mama Achol alisimama mlangoni pa kibanda, akainua ule mkono wenye bendeji. Yule bibi sikumwona.

Sasa niko Lodwar, na nyumba nimepata. Sitakudanganya, si nzuri kama ile. Vyumba viwili, bati limeshika joto, maji ya kubeba. Lakini tuko ndani ya ua mmoja na muuguzi na familia ya mwalimu huyu anayekuletea barua, wote wametoka mbali kama sisi, na kanisa liko nyuma ya ukuta. Kazi itakuwa ngumu zaidi. Kwenda upande wa Kerio nitalala nje siku tatu au nne kila wiki, na chakula cha nyumbani nitakikosa. Mkubwa wa mradi amenuna, atanuna mpaka achoke.

Tulia hakai hapa. Nimempata mzee wa Kiturkana kule mtoni, penye minazi ya porini, na farasi anakaa kwake pamoja na mbuzi. Ni mwendo wa nusu saa kwa miguu. Nimeupima mara mbili, na nimesimama uani upepo ukitoka mtoni nikasikiliza. Hasikiki. Hutamsikia akija wala akienda. Na ukifika hapa ukasema bado yuko karibu mno, utaniambia, nitamtafutia mtu mwingine wa kumpanda.

Msalimie mama, umwambie dawa ya goti naituma. Msalimie kaka yako fundi cherehani, na mchungaji wetu, na yule mama wa maziwa anayekukopesha maneno zaidi ya maziwa. Njoki mwambie huku kuna ngamia wengi. Kamau mbusu shavu lile lenye kishimo.

Kura ni mwezi wa tatu mwanzoni. Panda basi katikati ya mwezi ujao. Swali langu, ukiweza kulijibu, lijibu. Usipoweza, njoo tu. Nitawangoja stendi, nimesimama kwa miguu yangu, na nitakuita jina lako mpaka unione.

Ni mimi mume wako,
Baba Njoki