Kabati la Baba Mkwe na Tivii ya Inchi 75

Mwenzangu uko wapi? Nimefanya kitu cha aibu na moyo unanisuta.

Unakumbuka baba mkwe alivyohangaika miezi miwili kulitengeneza lile kabati la tivii? Vipimo nilimwandikia mwenyewe kwenye karatasi: tivii ya inchi 65. Basi leo dukani muuzaji akaniwashia ya 75, akili ikanihama, nikaichukua. Sikumwambia mtu.

Nimefika nayo nyumbani, haiingii kabatini. Haiingii kabisa. Mume wangu akauliza, "Nani alipima hapa?" Na mimi, sijui nilipatwa na nini, nikasema, "Labda ni macho ya baba, siku hizi hayaoni vizuri."

Nimesema hivyo mzee akiwa amesimama pale pale.

Akatoa kile kikaratasi changu mfukoni mwa shati. Akakitazama. Nikajua nimekwisha. Mwenzangu, akakikunja, akakirudisha mfukoni, akasema, "Labda ni macho kweli."

Labda ni macho. Na mwandiko wangu anao kifuani.

Mume wangu akaanza kumwambia aache useremala, apumzike sasa. Mimi nikajifanya nakunja boksi la tivii. Saa hii mzee yuko barazani analibomoa kabati zima alitengeneze upya.

Nimejificha jikoni nakuandikia. Ameshaniita mara mbili nikamshikie futi, nimsomee namba. Anasema macho yake hayana kazi tena, anaamini yangu.