Eda Iliyokwisha Kabla Hujaja

Mwalimu,

Asalaam aleikum huko uliko. Nakuita Mwalimu kama nilivyokuita miaka yote ya ndoa yetu, ingawa leo kadhi wa Wete amenambia kuwa siku uliyofariki hukuwa tena mume wangu.

Bado niko Msuka kwa kaka Juma, chumba kile kile nilichofikia uliponipa talaka moja kwa ugomvi wa chumvi. Chumvi, Mwalimu. Mtu mzima umestaafu, unaamkiwa njia nzima, unaacha mke kwa mchuzi wa pweza.

Asubuhi ndiyo mbaya. Ulikuwa ukichuja chai mwenyewe kwa sababu eti mimi naacha majani. Sasa nachuja mimi, nakunywa peke yangu. Watu walikuja siku za mwanzo, lakini hawakujua wanipe pole ya mke au ya jirani, wakakaa kidogo wakaondoka.

Watu wa pencheni wanataka kujua nani mjane wako. Kama eda ya talaka ilikuwa haijaisha ulipofariki, mimi ni mkeo na haki ya mjane ni yangu. Kama imekwisha, sina changu. Na eda ya mwanamke anaijua mwenyewe, kadhi huchukua neno lake tu. Njia nzima ya Wete kaka Juma alikuwa akinambia, "Sema haijesha. N'nani atajua?" Simlaumu. Mzigo wangu uko mgongoni kwake, na watoto wake ni wengi.

Kuna jambo hukulijua. Jioni ile uliponipigia simu ukasema, "Kesho n'aja kukurejea, funga vyako," siku zangu za mwezi, za kukamilisha eda, zilikuwa zimeshaingia tangu asubuhi. Nikanyamaza, nikacheka moyoni. Nilitaka uje mpaka barazani uambiwe eda imekwisha na rejea imekupita, ukae mbele ya kaka Juma unipose upya kama kijana. Kanga ya kukupokelea nilikuwa nimeshaifukiza udi. Alfajiri ikaja simu nyingine.

Kadhi akaniuliza. Nilitaka kusema haijaisha, na wallahi haikuwa kwa ajili ya pencheni. Nilitaka kuitwa mjane wako. Nilitaka nikae eda yako, nikulilie kama mke anavyomlilia mumewe, watu wanione. Lakini Mungu alikuwa akinisikia. Nikasema imekwisha.

Kadhi akanambia sina eda ya kukukalia, niko huru kuolewa. Kaka Juma hakunisemesha mpaka tukafika nyumbani, na mpaka sasa ananijibu kwa kichwa. Nyumba imejaa watu na sina wa kuzungumza naye, ndiyo maana nakuandikia wewe.

Lala salama, Mwalimu. Nitakuombea kila Ijumaa, niwe mke nisiwe mke. Na posa zikija nitazirudisha. Nilikwisha kumkubali mmoja, alikuwa aje kesho yake.

Wako,
Asha