Kibofu Changu na Ng'ombe wa Mahari

Jumanne, 4 Juni

Nimerudi kutoka Mthatha nimechoka, nimekasirika. Daktari anasema kansa ya tezi dume haijasambaa, inaweza kukatwa. Upasuaji mwisho wa mwezi. Lakini kwanza wapime kibofu! Kama ni kilegevu tangu sasa, baadaye kitavuja, na yeye anataka kujua kabla hajashika kisu. Hata mimi nataka kujua. Naogopa. Haya, nimeshaandika.

Kipimo chenyewe: unakojoa kwenye faneli, chini yake mashine inachora mstari. Binti mwenye sare akatoka koridoni, watu wamejaa, akaniita: "Sigqibo Mapukata!" Nusu ya wilaya nimewauzia ng'ombe mnadani. Wote wakageuka.

Nyuma ya pazia, hata tone halikutoka! Mimi, ambaye nikinadi fahali Ngqeleni wananisikia ng'ambo ya mto.

— Umeanza, baba? (Yuko nyuma ya pazia.)

— Ungenyamaza ningeanza!

Akacheka, akafungua bomba la maji linishawishi. Nikatoa kidogo. Mstari ukawa kama mkia wa panya. Eti haitoshi, nirudi tarehe 18 kwa kipimo kikubwa: mpira mwembamba mbele, na mwingine — nyuma! Kibofu kijazwe maji, nikohoe, waone kama navuja. Na huyo binti ndiye anayeiweka hiyo mipira. Ila ni mchangamfu. Nilimpenda.

Alhamisi, 6 Juni

Mke wangu MaBhele ameniamuru nifanye mazoezi ya kukohoa juu ya beseni. Nakohoa, anagonga mlango: vipi, vipi? Jirani kaleta dawa ya kifua.

Jumamosi, 8 Juni

Lwandile, kitinda mimba wetu, amekuja kutoka Gqeberha. Anataka kuoa. Vizuri! Washenga waende Jumamosi ijayo. Vizuri sana! Mchumba anaitwa Zintle, kazi yake hospitali. Akanionyesha picha kwenye simu.

Ni yeye. Yule wa faneli!

Kande niliyokuwa nakula ikanipalia. Nilikohoa kikohozi kile kile cha beseni.

Mkamwana! Kwetu mkamwana hanitazami usoni, hapiti zizini kwangu, hatamki jina langu hata akifa. Na huyu aje aniwekee mpira! Nikasema washenga wangoje, wasitoke kabla ya tarehe 18. Mahari isipotajwa, yule bado ni mfanyakazi wa hospitali tu. Nikishapimwa, awe mkamwana hata jioni ile ile.

Kaka yangu Dumezweni, kiongozi wa washenga, akanikazia macho. Kwa nini? Nikasema ng'ombe wamekonda kwa baridi. Mnadi mzima nasema ng'ombe wangu wamekonda! Hakuna aliyeniamini. Lwandile alisukuma sahani pembeni. Anadhani simtaki mchumba wake, na siwezi kumwambia ukweli.

Nilimwambia MaBhele chumbani. Alicheka mpaka akauma mto.

Jumatatu, 10 Juni

Nimepiga simu hospitali. Hakuna mwanamume wa kunipima? Hakuna. Mashine ile anaijua binti mmoja tu. Nikiikosa tarehe 18, zamu nyingine ni Septemba. Na daktari? Daktari anasema bila kipimo hakati, na ugonjwa hautaningoja hadi Septemba.

Jumamosi, 15 Juni

Wameenda! Bila kuniambia! Niliamka nikakuta koti la Dumezweni halipo, na Lwandile yuko jikoni anachekacheka peke yake.

Wamerudi saa kumi wakiimba, wananuka brandi. Dumezweni akanikumbatia, akaniita kwa jina la ukoo: "Jwarha, nilijua ni ugonjwa unaosema, si wewe! Wamekubali! Ila mahari, hata mkia wa ng'ombe mmoja hawakupunguza!" Kisha akanong'ona kwamba ng'ombe wangu amewapita zizini, wamenona, nijionee aibu.

Nikachinja kondoo. Nikacheka na wenzangu. Nimepata mkamwana, na bado siku tatu.

Jumatatu, 17 Juni

Siendi. Nimemwambia MaBhele siendi, basi.

Hakucheka safari hii. Aibu nitaifua pamoja na suruali zako, alisema. Maiti sitaweza kuifua. Halafu akanipigia pasi shati.

Jumanne, 18 Juni

Naandika koridoni. Nimekunywa maji kama nilivyoagizwa, nimejaa mpaka kooni. Wakinichelewesha dakika kumi nyingine —

Ametoka! Sare ile ile, lakini leo kajifunga kitambaa kichwani mpaka kwenye nyusi, na shali mabegani juu ya sare. Ndivyo bibi harusi wa kwetu anavyojisitiri mbele ya wakwe. Kwa hiyo anajua.

Anaita wengine kwa sauti kama kawaida. Vuyisile Gcaba! Themba Nodada! Nimejificha nyuma ya daftari hili.

Tumebaki wawili, mimi na mzee mwenye kofia. Katoka tena. Anaangalia faili. Anaangalia sakafu. Mdomo umefunguka, ukafungwa.

— Yule… baba aliyekaa dirishani.

Mzee mwenye kofia kanigeukia: "We, kwani huna jina?"

Ninalo, ila yeye hawezi kulitamka. Binti kasogea, kanipa mgongo, anauambia ukuta: daktari mwenyewe ataweka mipira, amemwomba tangu Jumamosi, daktari kanuna lakini kakubali. Yeye binti atakaa nyuma ya pazia na mashine. Atasema "kohoa" tu, baba, na hataona kitu.

Tangu Jumamosi! Mimi nilikuwa nachinja kondoo kwa hasira, yeye anahangaika kunisitiri.

Nimesema, "Asante, mwanangu." Sauti imetoka nyembamba, ya mtu asiyewahi kunadi hata kuku. Nimesimama. Ananingoja, bado kanipa mgongo, mkono mmoja umeshika mlango. Nataka kulia na nataka kukojoa, na sijui kipi kitatangulia.