Kutoka Upande wa Tundu

Masanja, mume wangu mdogo,

Marahaba. Mama yako amepona malaria, na mtama tumeshavuna. Unauliza kwa nini, ukicheza puli mezani, unakosa kila unapopiga mpira mweupe ili usukume mwingine tunduni. Wengi hukosea hapo: huutazama mpira mweupe, kwa kuwa ndio ulio karibu nao.

Nilipokuwa muuguzi mgodini Shinyanga, Jumamosi alasiri tulikwenda klabuni kutazama mechi za puli. Vumbi lilielea kwenye mwanga wa dirisha, na meza ilikuwa ya kijani kama majaruba ya mpunga. Siku moja babu yako alihitaji kuingiza mpira mmoja tu zaidi, wowote kati ya iliyobaki mezani, ili achaguliwe kwenda kuuwakilisha mgodi Mwanza. Mchezo ule ulitaka utaje mpira na tundu kabla ya kupiga.

“Taja, Maganga!” watu wakapiga kelele.

Mipira miwili iligusana, na sote tuliona imelielekea tundu la pembeni. Babu yako akainama, akainuka, akazunguka meza, akachuchumaa penye tundu.

“Unasali?” mpinzani wake akamtania.

“Hapana, kaka. Nalisikiliza tundu.”

Kutoka pale aliona kuwa mipira ile imeelekea ukingoni. Akautaja mwingine, wa mbali, tuliokuwa tumeudharau. Akapiga; ukajiviringisha polepole, kisha ukazama. Tangu hapo sikutazama tena mipira, nilimtazama yeye.

Leo, kabla hujashika fimbo, kachuchumae kwanza penye tundu.

Bibi yako