Wifi Anamlisha Mume Wangu, Mkono Unazidi Kulala

Mama mshauri, shikamoo. Nisaidie kabla sijamtukana mtu, maana nimejaa hadi hapa kooni. Mume wangu Shimba ni fundi wa kushona nyavu hapa soko la samaki la Mwaloni, mwaka jana kiharusi kikampiga, kuongea anaongea vizuri ila mkono wa kulia ukalala, na pale hospitali dada wa mazoezi, Prudencia, akatueleza kwamba mkono wenyewe ni mzima, kilichoumia ni sehemu ya ubongo inayoutuma, kwa hiyo Shimba ajaribu kwanza kwa akili yake, awaze anashika sindano ya nyavu, na akishajaribu ndipo mimi niusaidie mkono uende, ili ubongo ujue amri yake imefika. Nikaanza, lakini wifi yangu Odeta akahamia kwetu, akamkuta kaka yake anakula kwa mkono wa kushoto, akalia kama yuko msibani kwamba ni aibu mbele ya wageni, na tangu hapo anamlisha matonge kama mtoto, Shimba anafungua mdomo tu huku anasikiliza redio, nami nikimfanyisha mazoezi Odeta anasema, "Unamtesa mgonjwa, unataka afe urithi nyumba," basi kwa hasira nauvuta ule mkono juu chini namwambia jaribu, jaribu basi, naye ananiangalia tu. Juzi Odeta alipoondoa bakuli la samaki sato Shimba hajashiba, kidole gumba cha ule mkono uliolala kilicheza, ila tulikuwa tunagombana. Sasa Jumapili Odeta na ndugu zake wanataka kumvusha ziwa kwa kivuko wampeleke kwao Sengerema akapumzike. Nimfukuze wifi au nikubali?

Suzana, Kirumba

Marahaba, Suzana. Pole kwa kuuguza, ila barua yako imenikasirisha.

Wifi yako anakosea. Mkono usiotumwa kazi, ubongo unauhesabu kuwa haupo. Na lile neno la urithi alifute mbele ya wakubwa wa ukoo.

Lakini usijifiche nyuma yake. Prudencia alisema ajaribu kwanza, ndipo usaidie. Wewe unavuta kwanza, halafu unafoka. Odeta anamwahi kwa tonge, wewe unamwahi kwa kuvuta. Mmemwachia wapi nafasi ya kutaka kitu mwenyewe?

Halafu jambo kubwa kuliko yote umelipitia mbio. Kidole kilicheza alipoona chakula chake kinaondoka. Amri ilitoka kichwani ikafika kidoleni, na ninyi mkawa mnatukanana juu yake. Nilitamani niwepo niwanyamazishe wote wawili.

Kesho nenda kwa Prudencia pamoja na Odeta, mkamweleze habari ya kidole, Odeta asikie jibu kwa masikio yake. Nyumbani zima redio. Weka bakuli upande wa kulia, mwambie Shimba aunyooshe mkono, kisha nyamaza, hata kama ugali unapoa. Ukimwona anakaza, iwe bega au uso, hapo ndipo weka mkono wako chini ya wake na muende pamoja. Akichoka ale kwa kushoto, na mgeni anayeona aibu aangalie ukutani.

Kuhusu kivuko cha Jumapili, Odeta ameamua na ndugu zake, na wewe umeniuliza mimi niliye mbali. Shimba anaongea, umesema mwenyewe. Mwulize anataka kukaa wapi. Ukishamwuliza, funga mdomo, mngoje ajibu.